Sakafu ya Upande wa Dereva

Baba yangu hakuwahi kumwonea mke wivu. Wivu wake wote aliuelekeza kwenye gari. Ni koksineli ya rangi ya maziwa, lile gari dogo la mviringo lenye injini nyuma, na kwa miaka mingi lilimpeleka Kambove kuwauzia wachimbaji sabuni na betri za tochi. Sisi watoto tulipigwa marufuku kula ndani yake, kutapika ndani yake, na kusali kwa sauti ndani yake. Hilo la mwisho lilimlenga mama.

Mama ni mtu wa kanisa la maombi. Baba ni mtu wa breki. Zamani mama alibandika kwenye kioo karatasi iliyosema kwamba gari hili linalindwa na damu ya Yesu. Baba akaikwangua kwa wembe, akaosha kioo, kisha akala chakula cha mchana kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama hakubandika tena. Nilidhani ameshindwa. Kumbe simjui mama yangu.

Baba alipoacha biashara, gari lilibaki uani likipanguswa kila asubuhi kama mtoto wa shule. Siku moja akaingia aliwashe, akakanyaga klachi, kisigino kikatoboa bati la sakafu na kukanyaga udongo wa mji wetu, Likasi yenyewe. Akatoka taratibu, akainama, akatazama.

"Mvula," akasema, akiilaumu mvua.

Tukamwita fundi wa bati. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kuwa kuchomelea kunangoja umeme, na umeme wetu hauna adabu, muda wa kuhutubu aliupata. Alifunga chuma cha pembe kukingama uwazi wa mlango ili bodi la gari lisilegee, akatoa viti, akamkalisha baba kwenye kiti chake mwenyewe, pale uani. Mimi nilikuwa likizoni, kwa hiyo nikapewa taa ya kushika.

Sakafu ya koksineli, alituhubiria, ni vipande viwili, kushoto na kulia, na uti wa mgongo katikati. Kwa kawaida huanza kuoza kulia, kwa sababu betri hukaa chini ya kiti cha nyuma upande huo na asidi yake haina huruma. Ya kwetu ilikuwa nzima kulia. Kushoto, kwa dereva, ilibaki kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Papa, mvula gani inachagua dereva?" fundi akauliza.

Fundi akabandua kapeti la mpira, na chini yake kulikuwa na maganda meupe yaliyoshikana na kutu, na vifuko vidogo vya plastiki vilivyopasuka. Akachukua kidogo, akalamba.

"Munyu," akasema, kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi. "Nani alitia munyu humu?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la chai. Alivitazama vile vifuko, kisha akamtazama baba. Hapo nikaelewa. Kanisani kwao wanawake hupeleka paketi za chumvi ziombewe, kisha huinyunyiza kwenye vizingiti, kwenye viatu vya watoto, mahali popote ambapo shari inaweza kupita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu kilikuwa chini ya kapeti.

Nilitamani kumpiga fundi kwa nyundo yake mwenyewe. Niliogopa kwa ajili ya mama. Baba alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokipenda waziwazi, na mama ndiye aliyekila, polepole, kwa maombi.

Mama akaweka sinia chini. Hakujificha.

"Papa, ni minye," akasema, akijigusa kifua. "Ile makamyo kubwa ya kubeba mawe, ya barabara ya Kambove, ilikuwa inaniogopesha. Kila mwezi, ukiwa unalala, nilikuwa natia. Nilisema nalinda weye, kumbe naharibu motokari yako."

Mama alikuwa anasokota ncha ya kitenge chake, macho chini, na sijawahi kumwona mdogo hivyo.

Baba akachukua kikombe. Akanywa, akaona hakina sukari ya kutosha, akaongeza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Munyu. Ilikuwa inalia chini ya kiatu: kra, kra, mpaka Kambove. Minye siko kiziwi."

Mama akamtazama. "Sasa juu ya nini haukutoa?"

"Ningetoa, weye ungelala?"

Mama akakaa kwenye kile kiti kingine kilichotolewa, kando yake, akafunika uso kwa kitenge akalia. Baba hakumshika mkono; si desturi yake, na mkono ulikuwa na kikombe. Walikaa hivyo uani, wakitazama mbele, kama watu walio safarini. Mimi nililia pia, nikisingizia vumbi la kutu.

Umeme ukarudi. Fundi akauliza kama aanze kuchomelea bati jipya.

"Anza," baba akasema. "Lakini chini ya kiti changu, acha nafasi ya kuweka kopo ya plastiki. Ya kufunga muzuri."

"Kopo ya nini, papa?"

"Ya mama."