Sauti Iliyopotea Kwanza

Nilianza kazi ya ukalimani kwa sababu nilikuwa naishi Lewisville, nilikuwa na gari, na asubuhi zangu zilikuwa wazi. Jioni nilikuwa nasoma chuo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kitengo cha kifua kikuu kilikuwa kinatafuta mtu wa Kiswahili atakayefika nyumbani kwa mgonjwa saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nilikaa nayo karibu miaka miwili, kwa mgonjwa yule yule.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa upande wa Uvira, Kongo. Alikuwa amepitia kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Texas pamoja na binti yake wa pekee. Binti alikuwa na miaka ishirini. Alifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, akiondoka alfajiri na kurudi alasiri, kwa hiyo sisi tulimkuta mama peke yake. Walikaa fleti ya ghorofa ya pili, yenye ngazi za chuma nje na zulia la rangi ya mchanga ndani.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi zile nyuma ya nesi. Alikuwa mwanamume wa Texas, mrefu, mvi kichwa kizima, mwenye sauti nzito ya chini iliyotoka polepole kana kwamba hana pengine pa kwenda. Mlangoni alinifundisha kuvaa barakoa ngumu, akanibana kipande cha bati juu ya pua mpaka nikahisi maumivu.

Mama alitutazama kwa zamu, kisha akaniuliza, "Huyu ndiye munganga?"

Nilisita. Kwetu Voi, mganga ni mtu wa mitishamba na mizimu. Ilinichukua muda kujua kwamba kwake neno hilo lilikuwa daktari, kwamba kidonge kilikuwa kinini, na kifua kikuu kilikuwa tebe. Naye alikicheka Kiswahili changu. "Yako iko ya masomo," alisema. "Lakini tutasikilizana."

Ugonjwa wake ulikuwa wa aina ile sugu. Daktari alieleza kliniki, nami nikatafuta maneno: vijidudu vilivyo kifuani mwake vilikwisha kuzizoea dawa mbili kubwa, havishtuki tena. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, halafu akasema kitu ambacho nilikitafsiri nikiangalia sakafu. Mara ya kwanza alianza dawa kwao, vita vikaja mwezi wa tatu wa dawa, wakakimbia bila kubeba hata sufuria. Mara ya pili alianza kambini, zikaisha kabla ya wakati, na lori la kuleta nyingine halikufika. Mume wake alikuwa anakunywa dawa hizo hizo. Alizikwa kambini.

"Sikuacha miye," alisema. "Dawa ndiyo iliniacha."

Nililitafsiri hivyo hivyo. Daktari alimwambia kwamba safari hii dawa haitakatika.

Kwa hiyo kila asubuhi nesi alimdunga sindano, huku akibadilisha upande, leo kulia, kesho kushoto. Halafu vilikuja vidonge, ambavyo alivimeza tukimwona. Mwisho kabisa zilikuwa chembechembe chungu zilizofungwa kwenye pakiti, ambazo nesi alizinyunyiza juu ya tufaha lililopondwa, lile la vikopo vidogo vya watoto. Hakuruhusiwa kuzitafuna. Mama alilichukia tufaha lile kuliko sindano. "Hii ni chakula ya mtu asiye na meno," aliniambia, akameza akiwa amefumba macho.

Kazi yangu ilikuwa na sheria chache. Usiongeze, usipunguze. Mgonjwa akisema mimi, wewe pia sema mimi. Usikae na mgonjwa peke yenu. Usitoe maoni. Nilizipenda sheria hizo, kwa sababu mimi ni mtu wa aibu na zilinipa mahali pa kujificha. Tena nina sauti nyembamba. Shuleni nilikuwa nikijibu swali mwalimu ananiambia nirudie.

Katika miezi ile ya kwanza Mama alikuwa ananiambia nirudie pia. Mwanzoni mara moja moja, baadaye kila sentensi. Nililaumu barakoa. Nesi naye alilaumu barakoa. Kisha makohozi yake yalioteshwa maabara na hakikuota kitu, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na tukaambiwa tunaweza kukaa naye bila kujifunika. Siku hiyo alituona nyuso kwa mara ya kwanza. Alinitazama sana. "Kumbe uko mutoto hivi," alisema. Tangu hapo hakuniambia nirudie tena, nami nikaamini shida ilikuwa ile barakoa kweli.

Kila wiki nesi alikuwa na orodha ya maswali. Je, unasikia kizunguzungu? Kuna mlio wowote masikioni? Dawa ile ya sindano inaweza kudhuru masikio, na madhara yakishaingia hayatoki. Ndiyo maana alipelekwa pia mara kwa mara kupimwa kusikia. Mama alijibu hapana, nami nikasema hapana, nesi akaweka alama.

Asubuhi moja ya Alhamisi tuliingia tukakuta king'ora cha moshi kinalia darini, kile kilio kifupi cha betri iliyokwisha. Kililia, kikanyamaza, baada ya dakika kikalia tena. Nesi aliinua macho, akaniambia nimuulize kimeanza lini.

Mama alikuwa jikoni anaosha kikombe, mgongo wake kwetu. Nikauliza. Hakugeuka. Nikauliza tena kwa nguvu zaidi. Aliendelea kuosha. Nikasogea mpaka pembeni yake, akaniona, akatabasamu.

"Nini?"

"Hicho kinacholia, Mama. Kimeanza lini?"

"Aah, iko nalia, ndiyo," alisema. "Tangu jana." Akageuza kichwa kutazama simu ukutani, si darini.

Nesi alikuwa ameshapanda kiti kutoa betri na hakuona alikotazama. Mimi niliona. Nikaelewa mara moja kwamba alikuwa anasoma midomo yangu, na kwamba tulipovua barakoa ndipo tulipompa njia ya kufanya hivyo. Nesi alishuka, akafungua faili, akauliza maswali yake. Mlio masikioni? Mama alinitazama mdomoni. "Hapana."

"Hapana," nikasema.

Tulipokuwa tunatoka nilisema nimesahau funguo, nikarudi peke yangu. Nilijua navunja sheria. Nilikaa mbele yake, nikasema polepole, "Mama, husikii."

Hakukataa. Alifuta mikono kwa kanga yake kwa muda mrefu.

"Nasikia kidogo," alisema. "Usiku kunalia kama nzige, upande huu na huu. Mchana si mbaya."

"Na kule wanakokupima?"

Hapo alikaribia kucheka. Kwenye chumba kile cha kupimia kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo aliuona mkono wa mpimaji. Kila mkono ulipoenda kwenye mashine, yeye alibonyeza kitufe.

"Kwa nini, Mama?"

"Batasimamisha sindano. Mara mbili dawa ilisimama. Mara ya kwanza tebe ilirudia. Mara ya pili ilirudia mbaya zaidi, na ilikamata bwana yangu. Nalala chumba moja na mutoto wangu. Masikio ni ya nini? Sindano ichukue."

Nilimwomba aniruhusu nimwambie nesi. Alitikisa kichwa.

"Weye ni kinywa yangu. Kinywa haitembee bila mwenyewe."

Niliondoka na funguo zangu, ambazo hazikuwa zimesahaulika popote. Ijumaa nilikwenda nikatafsiri, akachomwa. Jumamosi nilifua nguo, nikatazama vitabu bila kusoma. Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Nilijiambia kwamba ni mwili wake, na uamuzi ni wake. Halafu nilijiambia kwamba anaamua akiwa na habari nusu, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba sindano inaweza kupunguzwa bila dawa nyingine kusimama. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika ya hilo. Nilikuwa mwanafunzi mwenye gari.

Jumatatu nilimngoja nesi kwenye maegesho chini ya fleti, nikamwambia yote, pamoja na kioo. Alinisikiliza ameweka mkono juu ya paa la gari lake. Hakunikaripia kwa kurudi juu peke yangu. Alisema tu, "Leo hatumchomi," akarudi ndani ya gari kupiga simu.

Walimpima upya siku ile ile, safari hii kiti kikiwa kimegeuzwa kisielekee kioo. Sauti za juu zilikuwa zimekwenda: ndege wanaoimba, king'ora, sauti za wanawake na watoto. Za chini zilikuwa bado zipo. Daktari alimwonyesha mchoro, mstari ukitembea sawa kisha ukiporomoka upande wa kulia, penye sauti za juu. Alieleza taratibu kwamba sindano zitakuwa tatu kwa wiki, kipimo kidogo, na baada ya muda zitaachwa kabisa, na kwamba vidonge na zile chembechembe vitaendelea bila kukosa hata siku moja. Makohozi yake yalikuwa safi. Dawa haikatiki. Nililirudia neno hilo la mwisho mara mbili, nikiwa nimemgeukia, ingawa daktari alilisema mara moja.

Mama alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia daktari.

"Aksanti, munganga," alisema. "Sasa naomba mukalimani mwingine. Huyu sitaki."

Daktari alinigeukia akingoja. Nesi pia. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani mwenye kujua alichosema.

"Asante, daktari," nilisema. "Sasa naomba mkalimani mwingine. Huyu simtaki."

Nesi alitazama viatu vyake. Mimi nilichukua mkoba, nikamuaga Mama, nikaenda nyumbani.

Nilikaa wiki tatu bila kazi ile. Asubuhi nilizoea kuamka mapema, nikawa naamka na sina pa kwenda. Sikumlaumu. Nilichojiuliza zaidi ni zile siku nilizongoja, na sindano ya Ijumaa niliyoitafsiri nikijua. Baadaye sana nilimuuliza daktari kama sindano ile moja ilichukua kitu. Alisema hakuna anayeweza kujua. Nadhani alisema ukweli, wala haukunisaidia.

Wiki ya tatu nesi alinipigia. Walikuwa wamejaribu ukalimani wa simu, mtu wa Tanzania aliyekaa mji mwingine, mwenye Kiswahili kizuri sana. Lakini simu ilimshinda Mama. Alikuwa anaishika sikioni, anasema ndiyo kwa kila kitu. "Nimemuuliza kwa ishara kama nikuite," nesi alisema. "Ameinua mabega. Kwangu hiyo ni ndiyo."

Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa mezani, vidonge vimepangwa, kikopo cha tufaha kimefunguliwa. Hakunisalimia. Alivuta kiti kingine, akakiweka mkabala na chake, magoti kwa magoti, akanionyesha nikae. Nilipoanza kusema aliinua kidole.

"Hapana. Sema kwa sauti ya mwanaume."

Nilijaribu. Nilijisikia mjinga. Alitikisa kichwa, nikashuka tena, mpaka sauti ikawa inatoka mahali fulani chini ya kifua ambapo sikuwahi kupatumia.

"Hapo," alisema. Kisha akamwelekeza nesi kwa kidevu. "Huyu muzungu namusikia muzuri, kila neno. Lakini sijue anasema nini. Weye najua unasema nini, na sikusikie. Mungu ananifanyia mchezo."

Nilimtafsiria nesi. Alicheka mpaka akavua miwani, na Mama alipomwona anacheka naye akacheka. Suala letu hatukulizungumza siku ile, wala siku nyingine.

Tuliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Sindano ziliisha. Tumbo lilimsumbua kwa sababu ya vidonge, miguu ikafa ganzi, kuna mwezi hakutaka kuzungumza na mtu na binti yake alibadilisha zamu ili ashinde naye. Alipewa vifaa vya kuvaa masikioni, akavivua baada ya siku mbili kwa sababu friji ilikuwa inanguruma kama injini ya ndege, akavivaa tena binti alipomsihi. Binti alikuwa anapigwa eksirei kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara zilirudi safi. Karatasi ya majibu hayo ndiyo Mama aliyoniomba nimsomee mara mbili.

Siku ya mwisho ya vidonge haikuwa na sherehe. Ilikuwa Jumatano yenye mvua. Nesi aliweka saini, akampa mkono, kisha akabadilisha mawazo akamkumbatia. Mwaka uliofuata mama na binti walihamia Stafford, karibu na Houston, ambako binti alipata kazi ya kutunza wazee na kulikuwa na kanisa la Wakongo wengi.

Niliwatembelea mara moja, nilipokwenda Houston kwa harusi ya mtu. Binti alikuwa amepata mchumba. Mama alikuwa amenenepa, na alikuwa akizozana na jirani kuhusu mchicha alioupanda kando ya ukuta. Alinipikia sombe, kisamvu cha kwao, na ugali, akanikaripia kwa kula kidogo. Nilipokuwa naondoka alinipa sombe nyingine kwenye kopo, akaniambia nipite barabara ya nje kwa sababu ile kubwa ilikuwa imejaa. Nilipita hiyo aliyoniambia, na kweli ilikuwa wazi mpaka mwisho.