Kitenge Mbele ya Rejeta

Kamati ya harusi ya Wakongo hapa Johannesburg inaweza kujadili rangi ya soksi za bwana harusi tangu ibada iishe mpaka jua lizame. Sababu za mambo haijadili. Niliuliza mara moja tu kwa nini gari letu lifungwe kitenge usoni, kuanzia boneti hadi bampa, nikajibiwa na mjomba, mwenyekiti wa kamati, kwamba chuo kikuu kimeniharibu.

Gari lenyewe ni kombi ya mama mdogo, fundi cherehani wa Malvern. Humo ndimo sare za shule anazoshona husafiri kwenda kwa wateja. Giaboksi ikifa, na kazi yake imekufa. Ni otomatiki, imezeeka, na oili ya giaboksi hupata moto upesi gari likivuta mzigo. Ndiyo maana nilifunga kipimajoto kidogo cha oili hiyo karibu na usukani. Mjomba alikiita "televisheni ya wasioamini."

Jumamosi hiyo tulielekea ukumbini Randburg, mimi nikiendesha, mjomba pembeni yangu, mama mdogo nyuma pamoja na akina mama wa kwaya, tukiburura trela la masufuria. Msafara ulitambaa, honi zikilia. Kitenge kilikuwa kimeziba upepo wote uliopaswa kuipiga rejeta ndogo inayopoza oili ile. Kwenye kilima cha Kensington namba ya kipimajoto ilivuka nyuzi mia na kumi. Kila roboti, yaani taa ya barabarani kwa lugha ya hapa, ilipowaka nyekundu niliweka nyutro ili giaboksi ipumzike. Nikazima kiyoyozi, akina mama wakalilia poda zao.

"Mjomba, giaboksi inaungua. Tusimame tufungue kitambaa."

"Msafara wa harusi hausimami. Ukisimama, ndoa nayo inasimama."

"Mbona tunasimama kwenye roboti?"

"Roboti ni serikali. Hiyo haihesabiwi."

"Na giaboksi ikifa?"

"Tuliiombea jana."

"Basi labda ombi bado liko kwenye kamati."

Alinisonya, akatoa simu na kuwaandikia wanakamati wapige kura. Mia na ishirini na tano. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia ndani, nikaegesha kando bila kungoja matokeo, injini nikaiacha ikinguruma ili oili izunguke. Nyuma yetu msafara mzima ukasimama, ndoa na vyote.

Mama mdogo alishuka, viatu mkononi. Alikitazama kitenge alichokishona mwenyewe, kisha akanigeukia.

"Hiyo namba ni ya kweli, ama ni ubishi wako tu?"

"Ni ya kweli, mama."

Mafundo yalikuwa yamekazwa kwa imani kubwa, hayakufunguka. Akatoa mkasi kwenye pochi, akakipasua kitambaa katikati, juu mpaka chini. Mjomba alishika kichwa. Feni ikavuta hewa, na namba ikaanza kushuka taratibu.

Ukumbini mjomba alinyakua maikrofoni. Alieleza kwamba kwetu, tangu mababu, kitenge hukatwa barabarani ili ndoa ifunguliwe njia. Vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja wa mji wake aliitikia kwa kichwa kwa uzito, akasema hata yeye alikatiwa.

Mwezi uliofuata kamati ya harusi nyingine ilimfuata mama mdogo dukani: waliomba kombi, kitenge, na ikiwezekana wakikate palepale Kensington. Yeye hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Kitenge nitawashonea," alisema. "Mkakifunge kwenye gari la mwenyekiti."