Riwaya na Jiwe la Kusagia

Kitabu kile kilisifiwa redioni, kikasifiwa gazetini, na katibu kata akakisifu mkutanoni bila kukifungua. Kwetu ilikuwepo nakala moja tu, iliyopita mkono kwa mkono kutoka Bariadi mjini hadi Sapiwi. Karani wa ghala la pamba aliponikabidhi, alishika kifua. "Ngosha, utalia."

Sikulia. Nilipiga miayo. Kilikuwa kama pamba iliyonyunyiziwa maji kabla ya kupelekwa mizani: uzito upo, mali hakuna. Shujaa wake alikuwa mwenyekiti wa kijiji ambaye hakuwahi kuumwa tumbo wala kugombana na mkewe. Kila alipofungua kinywa alihutubia, hata akiomba chumvi. Ng'ombe wa kijiji kizima waliunganishwa kuwa kundi moja kwa sentensi moja, na hakuna mzee hata mmoja aliyekohoa. Mvua ilinyesha pale mwandishi alipoihitaji. Mbu hawakuwepo.

Lakini nilikuwa nimeshajifunga mwenyewe. Mimi msomi wa kidato cha nne nilifundisha darasa la watu wazima, na kabla hata sijakitia machoni nilikuwa nimewatangazia wanafunzi wangu kwamba wakimaliza kile kitabu cha kilimo cha pamba walichojifunzia kusoma, watasoma kitabu chenyewe hasa. Mke wangu alimaliza kabla ya wenzake wote. Siku hizo alisoma kila alichokiona: maandishi ya magunia, pakiti za chumvi, matangazo kwenye ukuta wa ghala. Mchana mmoja, tulipopumzika kuchuma pamba, akadai riwaya yake.

Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Mwanzoni alicheka.

"Mwalimu," alisema, aliniita hivyo alipotaka kunichokoza. "Huyu mke wa mwenyekiti anapika saa ngapi? Tangu asubuhi yuko mkutanoni anapiga makofi."

"Endelea kusoma."

"Naendelea. Lakini watoto wake watalala njaa, nakwambia."

Akafika pale watu wanapohamia kijiji kipya. Wanaume wanabomoa nyumba zao wakiimba. Wanawake wanayaacha mawe yao ya kusagia huku wakicheka, maana huko waendako kuna mashine. Kidole chake kikasimama.

Sisi wenyewe tulikuwa tumehamishwa kutoka upande wa Mwamapalala. Alikuwa na jiwe la kusagia alilopewa na mama yake, na dereva wa lori alikataa kulipakia. Akataka kulibeba kichwani. Mimi ndiye niliyemwambia aliache, mashine inakuja. Haikuja. Tangu hapo alikuwa akienda kusaga kwa jirani, akisubiri mlangoni hadi wenye jiwe wamalize.

"Aliyeandika haya," akaniuliza, "alisaga wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Hakuwahi kusaga popote. Kitabu chake ni cha hovyo, na mimi na mwandishi huyo tulimwambia mke wangu uongo uleule. Ningeyasema hayo, labda angecheka tena na kuendelea. Badala yake nikasema, "Hii ni riwaya. Wewe hujui riwaya."

Akakifunga, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaniwekea mapajani.

"Basi soma wewe unayejua."

Akainuka kwenda kuchuma. Darasani hakuja tena, na wenzake walipomuuliza alisema macho yanamuuma. Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

Aliyefuata kwenye zamu ya kitabu alikuwa mwalimu mmoja wa Zagayu. Aliniuliza kikoje. Nikashika kifua. "Utalia," nikamwambia, na baadaye nikasikia naye anakisifu kote aendako. Hivyo ndivyo upuuzi ule ulivyopata sifa zake: kwa watu kama mimi, tulioogopa kuonekana hatujui.

Sasa tumezeeka wote wawili. Gazeti likifika nyumbani, analipitisha kwangu bila kulitazama. Hata pakiti ya dawa yake ya presha hunipa mimi.

"Soma wewe unayejua."

Namsomea. Asubuhi kidonge kimoja, jioni kimoja. Anaitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye hakuwahi kuzijua herufi.