Mtu wa Gunia Aliyemtambua Wangeci

Wangeci alikuwa na sauti nene. Alipouza uji nje ya kiwanda cha ngozi mjini Thika, wafanyakazi walimsikia kabla ya kumwona. Mumewe, Githinji, alipigwa risasi mwaka wa 1953 kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, akiwakimbia askari kwa sababu alikuwa amesahau nyumbani kipande, cheti chake cha utambulisho. Maiti yake ililazwa nje ya kituo cha polisi siku mbili ili watu waione. Wangeci alipita hapo na debe lake la uji bila kusimama, kwani aliyelia alikamatwa. Baadaye ni Waweru, ndugu wa marehemu, aliyemletea unga na kuni kutoka Ruiru.

Asubuhi moja ya Aprili mwaka uliofuata, askari waliuzingira mtaa wa Majengo wakavunja milango kwa vitako vya bunduki. Jirani yake Amida, mjane Mwislamu, alimtupia buibui.

"Vaa haraka. Wewe ni Zainab, dada yangu. Na usifungue mdomo!"

Lakini homgadi mmoja, mgambo wa serikali, alimkanyaga mguu, na Wangeci akapiga ukelele.

"Ala! Si huyu ni mama wa uji?" Akalirarua buibui, akampiga Amida teke la tumbo, akamburuta Wangeci hadi kiwanjani.

Wakikuyu wote wa mtaa walikuwa wameketishwa mchangani, mikono kichwani. Mbele yao alipita mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, unaachwa. Akiinamisha kichwa, unatupwa kwenye lori. Mzee Ndung'u, fundi viatu, alibisha. Wakampiga marungu mpaka jicho likamwagika shavuni.

Mtu wa gunia alifika kwa Wangeci. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili. Wangeci aliujua mguu ule: vidole vilikatwa na mashine ya mkonge. Mtu yule alisita, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Ngendo, msichana mwenye mimba ya miezi saba ambaye hata kiapo cha waasi hakukijua, akainamisha.

"Waweru!" Wangeci alipaza sauti kiwanja kizima kikasikia. "Waweru wa Kagwe! Huyu amekukosea nini?"

Watu wakainuka. Risasi zikalia, wanaume wawili wakaanguka. Kitako cha bunduki kikaivunja taya ya Wangeci. Alipozinduka alikuwa ndani ya lori, kichwa chake kwenye mapaja ya Ngendo.

Alikaa kizuizini miaka minne. Taya ilijiunga kombo, na sauti ikabaki ya kunong'ona. Aliporudi Majengo, milango ilifunguliwa na watu asiowajua. Katika mstari wao wa nyumba, aliyebaki ni Amida peke yake. Ndiye aliyemwambia kwamba Waweru alikatwakatwa kwa panga wiki ile ile ya msako, akatupwa kando ya mto Chania. Watu wake waliogopa kumgusa. Waislamu wa mtaa ndio waliomzika.

Wangeci alikwenda Ruiru kwa Mumbi, mjane wa Waweru, akamweleza mwenyewe jinsi alivyomtaja kiwanjani.

"Alikuacha wewe," Mumbi alisema, "na wewe ukamtaja."

"Alikuwa anamuuza Ngendo."

"Walikuwa wamenishika mimi! Siku tisa! Kila jioni walimsikilizisha nikipigwa!"

Hilo Wangeci hakulijua. Mumbi alichukua mpini wa jembe akampiga mabegani, mgongoni, mikononi, mpaka akachoka. Wangeci hakujikinga. Mumbi akaketi chini akihema.

"Unajua alipo?"

"Amida alinionyesha."

"Nipeleke."

Kesho yake walitembea hadi Thika, Wangeci akiubeba mkono uliovimba. Juu ya kaburi mtu mgeni alikuwa amepanda mahindi. Mumbi aliingia akaanza kuyang'oa. Wangeci naye akaingia upande wa pili, aking'oa kwa mkono wake mzima.