Bomba la Juu ya Bati

Butiama nilimkuta mama mjane ambaye hita yake ya maji ya sola, iliyowekwa juu ya bati na marehemu mumewe, ilikuwa inavuja. Shule niliiacha mapema, lakini mabomba nayajua. Niliziba tundu, kisha nikaona bomba limelegea, nikalikaza kwa mpira wa baiskeli. Nililala hapo nione kama litashika.

Asubuhi nilimkuta uani na vikombe viwili, kimoja kina chai, kingine kitupu. Alikuwa anatazama juu.

"Umefanya nini, mwanangu? Leo hajagonga."

"Nani, mama?"

"Mzee wangu. Jua likitoka alikuwaga anagonga mara tatu, ndiyo namimina chai yake."

Nilijua ni bomba tu. Likipata joto hutanuka na kugonga bati. Nilitaka kumweleza, ila nilikiona kile kikombe kitupu. Nikapanda, nikaukata mpira wangu.

Kesho yake mawingu yalitanda tangu alfajiri, jua halikutoka kabisa. Nilikuwa nafunga begi la vifaa tuliposikia bati likigongwa mara tatu.

Mama akamimina kikombe cha pili. Mimi sikupanda kuangalia.