Chupa ya Divai Niliyoitikisa

Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, hata rangi ya kitambaa cha meza. Nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya wapanda mlima pale Moshi mjini, kijana wa shati jeupe na majivuno tele. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wameanza kupanda kwetu Kilema, huko mlimani, na mizani zao, na bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Vijana tulisema waziwazi kwamba kahawa imekufa. Mimi ndiye kitindamimba kwetu, kihamba cha nyumbani, yaani shamba la ukoo, kilikuwa kinanijia mimi, na nilikuwa nimeshamwambia baba: Jumamosi naleta watu, tunang'oa mibuni yote, tunapanda nyanya.  Baba alikaa siku nne bila kunisemesha, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi nikidhani nimemshinda.

Alhamisi ya wiki hiyo Wahispania saba walishuka mlimani, midomo imepasuka kwa baridi, wakaketi kula chakula cha mchana. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo aitwaye Pilar. Kabla ya kupanda alikuwa amemkabidhi meneja chupa mbili za divai nyekundu, kazifunga kwenye soksi za sufu, akasema ni za siku ya kushuka. Mimi divai niliijua ya padri tu, na hiyo niliiona kwa mbali, mikononi mwake. Nikakabidhiwa chupa moja niifungue. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaona mashapo yametuama chini.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa na mama yangu, ambaye mbege yake, pombe ya ndizi na ulezi, ilisifiwa kitongoji kizima. Mbege huchoti kabla hujaikoroga, maana ulezi hukaa chini, na ukimpa mgeni yale maji ya juu umemdharau. Nikaishika chupa shingoni na kwenye kitako, nikaitikisa kwa moyo wote, mbele ya meza nzima, huku natabasamu.

Kumbe divai haitikiswi, mashapo yake huachwa chini. Meneja alikuja mbio, uso umemvimba, akataka kuninyang'anya ile chupa, lakini yule mama akamzuia kwa mkono.

"Kwa nini umeitikisa?" aliniuliza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Nikamweleza habari za mbege na ulezi. Alisikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi. Kumbe si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Chupa ile ilikuwa ya mwisho kubaki katika divai aliyotengeneza baba yake kabla hajafariki. Nilipolisikia hilo nilitamani sakafu inimeze.

"Iweke kivulini, uiache," akaniambia. "Itatulia. Tuna mchana mzima."

Walikunywa ile nyingine. Alasiri, nilipokwisha kuondoa vyombo, aliniita niketi naye, jambo ambalo meneja hakulipenda hata kidogo. Akanimiminia kwanza divai iliyobaki katika ile chupa waliyokunywa. Hiyo, alisema, ilitoka shamba lao la chini, karibu na mto, kwenye maji mengi. Ilikuwa nyepesi, inateremka tu. Kisha akachukua ile niliyoitikisa, akaimimina polepole mno, akakomea pale mashapo yalipokaribia mdomo wa chupa.

Ilinikaza ulimi kama ndizi mbichi. Nikakunja uso. Akaniambia nisubiri, nikasubiri, na kweli kidogo kidogo ikafunguka. Nikasikia zambarau zilizoiva, moshi kwa mbali, na harufu ya udongo mvua inapoanza. Sikujua kwamba kinywaji kinaweza kukuambia kimetoka shamba gani.

Akachukua karatasi ya kufutia midomo, akanichorea mizabibu ya baba yake: mifupi, imejikunja, mashina manene kama paja la mtu, imesimama mmoja mmoja kwenye mteremko wenye mawe. Alisema ilipandwa na babu yake, na kila mmoja huzaa vichala vichache tu. Baba yao alipokufa, yeye na kaka zake waliona haina faida.

"Tukang'oa nusu," akasema. "Na mimi nilishika jembe. Mwaka uliofuata nikafungua chupa moja ya baba, ndipo nikaonja nilichokuwa nimeking'oa."

Kisha akaniuliza kwetu tunalima nini. Nikasema kahawa, ila keshokutwa tunaing'oa.

"Ina ladha gani?"

Mwanangu, nilizaliwa katikati ya mibuni ile. Nimeichuma, nimeimenya kwa mashine ya mkono, nimeianika, nimebeba magunia yake mpaka mgongo ukalia. Lakini kwetu asubuhi tulikunywa chai, kama majirani wote. Kahawa ilikuwa kitu cha kupeleka kwenye mizani. Akasema basi kesho nimpeleke kwetu akaione.

Kesho yake asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nilipanda naye Kilema. Njiani nilimfundisha shikamoo, akamwamkia baba nayo, baba akaitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikayaona meno yake. Mama akaikoroga mbege, akachota, akanywa yeye kwanza kama ilivyo desturi, ndipo akampa mgeni kata. Pilar akataka kujua kwa nini mwenyeji ndiye aliyeanza.

"Simpi mtu kitu ambacho sijakionja," mama alijibu, nami nikatafsiri. Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye anayetaka kung'oa kahawa. Muulize kama ameionja."

Hilo sikulitafsiri. Niliangalia chini. Baba akakohoa.

"Hata mimi sijaionja, mama," akamwambia mke wake kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii nimeiuza tu."

 Mama ndiye aliyeinuka akaleta kikaango. Tukachukua ghalani punje kavu za juu, za mibuni ya babu kando ya mfereji, na punje za chini, za ile aliyoipanda baba. Tukakaanga mbalimbali, tukatwanga kinuni, tukachemsha sufuria mbili. Ya chini ilikuwa chungu tu, haisemi kitu. Ya juu baba aliinywa akiwa amefumba macho, akaomba tena, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni bila kuyaficha.

Jumamosi watu walikuja. Tuling'oa ya chini, tukapanda nyanya. Ya juu ipo mpaka leo, na mnunuzi yeyote anayepanda kwetu hunywa kikombe kwanza, ndipo atoe mizani. Sitakudanganya kwamba tulitajirika. Lakini wapo wanunuzi wanaorudi kila msimu wakiiulizia ile ya kando ya mfereji, na baba alikufa akijua alichokuwa akilima.

Sasa nasikia na wewe umekwisha kuagiza miche ya parachichi. Sikukatazi. Parachichi ni zao zuri, na kihamba kitakuwa chako, si changu. Ninalokuusia ni hili tu: usikihukumu kitu cha nyumbani kwa bei waliyokitajia wengine. Kionje kwanza mwenyewe, uvumilie mpaka kitulie, kisha amua. Mimi bila ule ujinga wa kutikisa chupa ya watu ningeing'oa mibuni ya babu yangu nisijue nimeng'oa nini.

Njoo Jumamosi. Kinu kipo, na kikaango cha bibi yako kipo. Ukishakunywa ukasema tung'oe, jembe la kwanza nitalipiga mimi. Mungu akupe mikono isiyochoka na ulimi unaojua kwao, na watoto wako wakute kivuli ulichokiacha.