Vidonge vya Kabichi

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sayansi, kwa hiyo hakuna jambo asilolijua. Miaka ile ya sabini, tulipohamia Ilembo, bustani yetu haikumheshimu hata kidogo. Kabichi zilidumaa, nyanya zikaishia urefu wa kidole. Bwana shamba akaja, akapima udongo, akasema una tindikali nyingi, tutie chokaa. Chokaa ingeletwa. Nadhani mpaka leo iko njiani.

Mume wangu hakungoja. Alikuwa amesoma mahali kwamba vitamini husaidia mmea kuvumilia udongo mbaya. Akaenda mjini, akarudi na kopo la vidonge vya vitamini C. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, nimepauka, natapika kila siku. Kabichi ndizo zikapewa vitamini.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe kula mchicha."

"Mchicha upi?"

Akaloweka mbegu, vidonge vingine akaviyeyusha kwenye ndoo, akawa ananyunyizia kila asubuhi kabla ya kwenda shule, tai shingoni. Mbegu ziliota vizuri, simnyimi haki yake. Lakini wiki ya tatu majani yakageuka njano. Akaongeza dozi.

Jirani yetu, mama wa Kipimbwe aliyelima tangu utotoni, akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, majivu ya jikoni mnapeleka wapi?"

"Tunatupa, mama."

"Haya. Nyie tupeni tu."

Kesho yake, mume akiwa darasani, nikaanza kuyachanganya na udongo. Sikumwambia mtu.

Kabichi zikapona, zikafunga. Mwalimu mkuu akaja kuziona, bwana shamba naye, bila chokaa. Mume wangu akawahutubia saa nzima juu ya vidonge. Haikupita wiki, zahanati ikajaa watu waliodai ghafla kuwa fizi zinawatoka damu, wakitaka vidonge vya vitamini C, na wote, kwa bahati ya ajabu, walikuwa na bustani.

Mganga wa zahanati akafika kwetu amekunja uso.

"Mwalimu, umewaambia nini watu hawa?"

Hapo nikaona aibu. Nikasema habari ya majivu.

Mume wangu akanigeukia kwa huzuni ya kweli.

"Kwa hiyo umeniharibia jaribio."

"Nimeliharibu," nikasema, nikamkatia mganga kabichi kubwa kuliko zote.

Msimu uliofuata yeye aliloweka mbegu, mimi nikatia majivu mchana kweupe. Tulivuna mpaka tukagawia majirani. Wageni wakiuliza, alisema ni njia yetu wawili. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa sawa na kupiga magoti.